Nta Tumboni mwa Jiwe

Mtu mwenye jipu mgongoni anaweza kulifunika kwa shati, na juu ya shati akavaa koti, na watu wakamsifu jinsi alivyopendeza. Jipu halina habari na koti. Litaiva kwa siku yake, na likikosa adabu litapasuka mbele ya wakwe. Ndiyo maana wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walikuwa na maana kwamba ugonjwa unaoonyeshwa mapema hupatiwa dawa, bali unaofichwa hujitangaza wenyewe, tena hujitangaza wakati dawa haifai kitu. Wako wanaodhani kwamba maneno hayo ni ya waganga na wagonjwa peke yao. Wangekuwapo Itigi mwaka wa arobaini na tisa, enzi za Mwingereza, wakayaona yaliyompata Selina mke wa Alphonce, wangeshika vichwa kama tulivyoshika sisi.

Itigi ya wakati ule haikuwa na mengi ya kujivunia. Palikuwa na stesheni ya gari moshi, soko, maduka machache ya Wahindi, na vichaka. Lakini vichaka hivyo ndivyo vilivyokuwa mali. Vilibanana hata mbuzi alipita kwa ubavu, na ndani yake watu walitundika mizinga. Walipokwisha kupakua na kukamua asali, nta waliileta kwa Selina. Yeye aliipima, akainunua, akaiyeyusha, akaichuja kwa kitambaa na kuimimina katika sufuria mpaka ikaganda ikawa mikate ya manjano. Kisha aliipeleka kwa Mhindi mwenye duka karibu na stesheni, na Mhindi akaisafirisha pwani.

Kazi hiyo haikufanywa bila leseni. Na leseni ya kununua nta, kwa mwanamke, wakati ule, ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Selina aliihangaikia bomani Manyoni, nenda rudi, nenda rudi, hata askari wa mlangoni akawa anamuuliza habari za watoto kwa majina yao. Alipoipata aliitia katika fremu ya kioo na kuitundika ukutani, juu kuliko picha ya arusi yake. Mume wake, Alphonce, alikuwa kibarua wa genge la reli, na mshahara wake ulikwisha kabla mwezi haujaisha. Leseni ile ndiyo iliyowalisha, ikawavika, ikaezeka nyumba yao kwa bati. Bila leseni, Selina angerudi kutwanga mtama wa watu kama alivyotwanga utotoni kwao Issuna. Hilo alilijua, na hilo ndilo aliloliogopa kuliko mauti.

Siku moja mtu mmoja mzima, jina lake Fabiano, aliwakusanya wafanyabiashara wadogo wote pale sokoni. Fabiano alikuwa amefanya kazi miaka mingi na mkaguzi wa mizani wa serikali, Mzungu ambaye watu walimwita Bwana Mizani. Alimbebea sanduku la mawe ya kupimia kutoka mji hadi mji, mpaka magoti yalipogoma, akastaafu na kuhamia Itigi. Tangu hapo alijipa kazi ya kuwatayarisha wachuuzi kwa ukaguzi. Hakuna aliyemtuma. Alichoka tu, kwa maneno yake mwenyewe, kuona watu wazima wakikimbilia porini kila wasikiapo kwamba mizani inakuja kukaguliwa, kana kwamba anakuja simba.

"Bwana Mizani yuko njiani," alisema Fabiano. "Nisikilizeni vizuri. Kwanza, mawe ya mizani yawe safi. Ninyi wa nta ndio wabaya kupita wote. Jiwe linaganda nta mpaka linafanana na kisigino cha mchunga ng'ombe. Hapo limezidi uzito, na mtu wa mizinga anaibiwa, nawe wala hujui."

Watu wakacheka.

"Msicheke. Pili, mwenye kasoro aniambie mimi, leo au kesho. Mizani imepinda, jiwe limemeguka, lolote lile. Kitu kuharibika si kosa, kila kitu cha duniani kinaharibika. Kosa ni kukitumia huku unajua. Na kosa kubwa ni kukificha. Mkinipa mapema, nitakwenda kwa Bwana Mizani mimi mwenyewe, nitamwambia hawa wamejitaja, naye nimekwisha kusema naye. Atatengeneza."

Akasimama Redempta, muuza mtama, akasema kwa sauti ndogo kwamba sahani ya mizani yake imetoboka na ameiziba kwa kitambaa. Soko zima liliangua kicheko, na Selina ndiye aliyecheka zaidi.

"Ee Redempta!" alisema huku akijifuta machozi. "Unakwenda kujishtaki mwenyewe? Basi jifunge na kamba kabisa, usimsumbue askari!"

Redempta aliona haya, lakini sahani alimkabidhi Fabiano. Selina akarudi nyumbani amechangamka. Hakuwa na la kuogopa. Mizani yake ilikuwa nzima na mawe yake ya chuma yalikuwa ya halali, kila moja lina shimo dogo kwenye kitako, shimo limezibwa kwa madini ya risasi, na juu ya risasi pamegongwa muhuri wa taji ya Kingi, mfalme wa Uingereza. Risasi hiyo ndiyo iliyokamilisha uzito wa jiwe, na taji ndiyo iliyokuwa neno la serikali kwamba jiwe hili ni la kweli. Tatizo lake lilikuwa moja tu: mawe yalikuwa yameganda nta, na jiwe la ratili nne, alilolitumia kila siku, ndilo lililoganda kuliko yote.

Sasa watu wa nta wana desturi yao. Kisu kikiganda nta hupitishwa motoni. Kijiko kikiganda hupitishwa motoni. Sufuria, kadhalika. Nta hulainika, ukafuta kwa kitambaa, kazi imekwisha. Ndivyo Selina alivyozoea, na wala hakuona kwa nini jiwe la mizani liwe na heshima kuliko kijiko. Alilichukua jiwe la ratili nne akaliweka juu ya makaa ya mgunga yaliyokuwa yamewiva mekundu, akalilaza ubavu, akangoja.

Mara hodi mlangoni. Alikuwa Isaka, mrina asali wa huko upande wa Mitundu, amekuja na furushi la nta. Isaka hakuwa mtu wa kuagana haraka. Alianza na habari za nyumbani, akaja kwenye ukame, akafika kwenye nyegere aliyemvunjia mizinga, na hapo ndipo alipokaa. Selina akasahau jiko. Harufu ya nta inayoungua ilimkumbusha. Akamwacha Isaka na nyegere wake, akakimbia jikoni.

Alipolitoa jiwe kwa koleo, aliona kitu kinang'aa majivuni. Kilikuwa kama chozi kubwa la fedha, kinatetemeka, kinatambaa kati ya makaa. Aliinama kukitazama, asielewe. Kisha akaligeuza jiwe na kutazama kitako chake.

Shimo lilikuwa tupu. Risasi ilikuwa imeyeyuka na kumwagika, na taji ya Kingi imekwenda nayo.

Selina alipigwa na butwaa. Alichutama pale pale, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika koleo na mwingine kichwa, asisikie hata Isaka alipomuita mara ya pili. Alikuwa ameuunguza muhuri wa serikali jikoni kwake, kama ugali wa jioni! Alichokoa majivu, akaokota vipande vya risasi vilivyoganda, akavisukumia shimoni kwa ncha ya kisu. Havikukaa. Vilitoka kama meno ya kizee.

Jioni Alphonce aliporudi kutoka relini alimkuta mke wake amekaa gizani na jiwe mapajani.

"Kuna msiba?" aliuliza.

Selina akamwonyesha. Alphonce alilipokea jiwe, akatia kidole shimoni, akaguna.

"Mpelekee Mzee Fabiano. Si amesema mwenye kasoro amwambie?"

"Nimwambie nini? Nimwambie taji ya Kingi nimeichoma jikoni? Kwani hujasikia habari za yule mwenye duka wa njia ya Mitundu? Amekutwa na jiwe bovu, amefungwa mpaka leo."

"Nasikia yule alilipiga tupa mwenyewe, apunje wateja."

"Unasikia! Na mimi nasikia. Serikali ni serikali, Alphonce. Haiulizi nani kapiga tupa na nani kasahau jikoni." Akautazama ukuta ilipotundikwa leseni. "Wakinichukulia ile, tutakula nini? Na baada ya kumcheka Redempta vile mbele ya watu, niende nikajitaje?"

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wenyewe, msomaji. Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini haya ilikuwa kubwa kuliko hofu. Mwanadamu yuko radhi aingie shimoni kuliko achekwe ukingoni.

Alphonce alikuwa mtu mpole, tena mchovu wa nyundo na mataruma ya reli. Alisema neno moja zaidi, akajibiwa kwa maneno kumi, akanyamaza. Selina akachukua donge la nta, akalikanda kwa masizi na majivu mpaka likapata rangi ya kijivu kama risasi. Akalishindilia shimoni, akalisawazisha kwa kidole gumba. Lilikaa vizuri ajabu. Lilibaki jambo la taji. Alifikiri, akafungua fundo la kanga na kutoa senti kumi, ile yenye tundu katikati. Taji ilikuwa pale ukingoni mwa senti, ndogo, safi. Akaigandamiza juu ya nta. Alipoiondoa, taji ilikuwa imekaa pale pale ilipotakiwa.

Alitabasamu. Maskini, alitabasamu! Mtu aliyekuwa na jiwe lililoungua sasa alikuwa na muhuri wa kughushi, naye akajiona mjanja.

Asubuhi iliyofuata alilitumia jiwe kumpimia Isaka, aliyekuwa amelala kwa ndugu yake pale mjini, na baada ya Isaka akawapimia wengine. Hakuna aliyegutuka. Akaanza kulala usingizi tena.

Fabiano alipita nyumba kwa nyumba kabla ya ukaguzi, akamfikia na Selina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekuja kuona mawe."

Selina aliyapanga juu ya kigoda. Fabiano aliyashika moja moja, akayageuza, akayatazama vitako. Akalishika na lile la ratili nne. Ndani ya nyumba mlikuwa na baridi ya asubuhi, na nta ilikuwa ngumu. Taji ilionekana. Fabiano hakuwa na mawe ya serikali ya kulinganishia; alikuwa na macho yake tu, na imani yake kwa watu.

"Haya ndiyo mawe! Yametakata. Natamani kila mtu angekuwa kama wewe." Akalirudisha kigodani. "Hakuna kasoro yoyote? Niambie tu, binti yangu. Mimi si askari."

"Hakuna, mzee."

"Basi vizuri. Nitamwambia Bwana Mizani kwamba watu wa nta nimewaangalia mwenyewe, nawadhamini."

Nawadhamini! Fabiano alishika fimbo yake, akaaga, akaanza kushuka njia kwa magoti yake mabovu. Selina alimtazama mpaka akafika kwenye uzio.

"Mzee!"

Fabiano akageuka. Akarudi hatua chache, mkono sikioni.

Neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Lilikuwa neno dogo tu. Selina akalimeza.

"Chukua asali kidogo, ya wajukuu," alisema.

Fabiano akashukuru, akabeba asali yake, akaenda.

Siku ya ukaguzi ilikuwa ya mwezi wa kumi. Mvua zilikuwa bado, na jua la Itigi lilikuwa limefungulia milango yake yote. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mtu atandike gunia chini uwanjani, apange mawe yake juu ya gunia yakiwa yamepinduliwa, vitako juu, ili mihuri ionekane, kisha asimame nyuma yake na kungoja zamu. Bwana Mizani alifika kwa gari la serikali na karani wake, kijana mmoja aitwaye Ezekieli. Fabiano aliwapokea amevaa koti lake jeupe la zamani za kazi. Mzungu alimpa mkono mbele ya watu wote, na Fabiano akawa mrefu kidogo.

Wakaanza na watu wa nafaka. Redempta alipofikiwa, Bwana Mizani alitoa ndani ya gari sahani yake, imekwisha kuzibwa kwa bati na kupigwa lehemu, akampa. "Mama huyu alileta mwenyewe," alisema kwa Kiswahili chake cha bomani. "Vizuri." Basi. Hakukuwa na faini wala kelele. Watu walitazamana. Selina aliona lile jambo kwa macho yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya jikoni, moyo ulimwambia kwamba alikuwa amekosea hesabu.

Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Watu wa nta walikuwa wa mwisho, na jua lilizidi kupanda.

Kwanza alikuja nyuki mmoja.

Mwezi wa kumi vichaka vya Itigi havina ua, na nyuki wana njaa. Hufuata harufu ya asali hata kwenye kikombe cha chai. Huyu alizunguka juu ya magunia ya watu wa nta, akayapita mawe ya wengine, yaliyosuguliwa kwa maji ya moto na majivu, akaja kutua katikati ya kitako cha jiwe la ratili nne la Selina. Selina alimpunga kwa upande wa kanga. Akaja wa pili. Kisha wakaja wengi, na kadiri nta ilivyopata joto na kutoa harufu, ndivyo walivyozidi. Alipunga kwa mikono miwili, akitabasamu kwa watu huku macho yamemtoka pima.

Isaka alikuwa miongoni mwa watazamaji. Hakuwa na nia mbaya yule mtu, alikuwa mrina asali tu, na nyuki ndio elimu yake.

"Jamani!" alipaza sauti. "Nyuki wanakula chuma!"

Watu walicheka. Waliokuwa mbali walisogea waone. Karani Ezekieli, aliyekuwa akiogopa nyuki kuliko shetani, alirudi nyuma akamkanyaga bwana wake, na bwana wake akainua kichwa. Alitazama mawe ya watu wa nta, akaona safu nzima imetulia, na jiwe moja limevaa nyuki. Akaja moja kwa moja.

"Fabiano," alisema, "nini hii?"

"Bwana, jiwe hilo ni zima. La huyu mama nimeliangalia mwenyewe."

Bwana Mizani alivua kofia, akapepea nyuki wakatawanyika. Akachutama. Taji ya Kingi ilikuwa imelala upande kama kofia ya mlevi. Mfereji mwembamba wa kijivu ulikuwa umetoka ukingoni mwa shimo na kuteremka ubavuni mwa jiwe. Mzungu aliweka kidole gumba juu ya muhuri, akabonyeza kidogo tu, na kidole kikazama.

Hapo kicheko kilikatika. Kulikuwa na mtu akitafuna karanga karibu yangu. Aliacha taya katikati. Bwana Mizani alikitoa kidole chake, akakitazama, akakinusa, akamwonyesha Fabiano. Fabiano alikigusa kwa ncha ya kidole chake mwenyewe, kama mtu anayegusa uso wa maiti ahakikishe. Kisha akamgeukia Selina, na nawaapieni, hapakuwa na hasira katika yale macho. Palikuwa na mshangao tu, mshangao wa mtu aliyeng'atwa na mbuzi wake.

"Bwana," Selina alisema, na sauti ilikuwa kama ya mtu mwingine, "ni bahati mbaya. Risasi iliyeyuka. Nilikuwa nasafisha, nikaweka motoni, ikayeyuka yenyewe."

"Risasi iliyeyuka," alisema Bwana Mizani polepole. "Naamini. Na taji? Taji nayo iliingia humu yenyewe?"

Selina alikuwa amefunika kombe ili mwanaharamu apite, na mwanaharamu alikuja na nyuki.

Askari waliitwa kutoka stesheni. Mmoja alikwenda nyumbani kwa Selina na kurudi na leseni ndani ya fremu yake ya kioo, ameibeba kwapani kama kuku. Bwana Mizani akarudi tena mwanzo wa safu, akaanza kuyapima upya mawe yote ambayo Fabiano alikuwa amemthibitishia, moja moja, mpaka jua likaelekea kuzama. Hakumtukana Fabiano wala hakumkemea. Aliacha tu kumuuliza. Fabiano alisimama pembeni na koti lake jeupe, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Kesi ilisikilizwa Manyoni mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa boma aliyeamua kesi. Alphonce alifika, Fabiano alifika, na nusu ya soko la Itigi ilipanda gari moshi kwenda kusikia. Selina alisimama kizimbani na nguo zake za kanisani. Moyoni alikuwa amejipanga kukiri jambo moja na kulia kwa lingine. Alijua wazi kosa watakalomshitaki: kuwapunja watu wa mizinga.

Bwana Mizani aliliweka jiwe la ratili nne upande mmoja wa mizani ya serikali, na jiwe lake la kweli upande wa pili. Upande wa Selina ukapanda juu.

"Limepungua," alisema. "Nta ni nyepesi kuliko risasi. Mama, jiwe hili ulilitumia kwa kazi gani?"

"Kununulia nta, Bwana."

"Na kuuza?"

"Kuuza napimiwa na Mhindi, kwa mizani yake."

"Kwa jiwe hili hukuuza kitu kabisa?"

"Kabisa, Bwana. Naapa."

Bwana Mizani alimgeukia Bwana Shauri, wakasemezana kwa lugha yao. Karani Ezekieli akasimama kutafsiri, na hata yeye alionekana hakuamini alichokuwa akikitafsiri.

"Bwana anasema hivi. Jiwe likiwa jepesi, nta inayopimwa nalo inakuwa pungufu. Ulilipia ratili nne, ukapewa chini ya ratili nne. Watu wa mizinga hawakupoteza kitu. Aliyepunjwa ni wewe. Tangu siku ulipoziba lile shimo, mama, umekuwa ukijiibia mwenyewe."

Chumba kizima kilivuta pumzi. Mtu wa nyuma alisema "Ala!" akanyamazishwa. Selina alimtazama karani, akamtazama Mzungu, akaanza kucheka kicheko cha kuchanganyikiwa. Kama hakumwibia mtu, basi amesalimika! Aligeuka kumtafuta Alphonce, uso umemfunguka.

"Bwana hajamaliza," alisema Ezekieli, akainamisha macho. "Anasema kwa kuunguza jiwe hana shitaka. Sheria inataka liletwe, litiwe risasi nyingine, ligongwe muhuri, lirudishwe kwa mwenyewe. Kwa kununua kwa jiwe pungufu, amekuhurumia, kwa kuwa hasara ni yako. Lakini muhuri wa serikali umeughushi kwa mkono wako, na hilo hana ruhusa ya kulihurumia."

Bwana Shauri akasoma hukumu. Kifungo cha miezi sita, na leseni ya kununua nta imefutwa, asipewe nyingine.

Alphonce alifunika uso. Fabiano alisimama, ingawa hakuitwa, akaomba ruhusa ya kusema, akanyimwa, akabaki amesimama vile vile. Selina hakulia. Alikuwa amemkazia macho karani.

"Hiyo risasi nyingine," aliuliza, "ningeipata wapi? Ulaya?"

Ezekieli akamuuliza Bwana Mizani. Mzungu aliinama, akafungua sanduku lake lililokuwa miguuni pake, akatoa kipande cha risasi kisichozidi ukubwa wa kidole, na muhuri wa chuma wenye taji, akaviweka mezani mbele yake.

"Anasema anatembea nayo siku zote," alisema karani. "Angekutengenezea pale pale sokoni, kabla chai haijapoa."

"Pale pale?"

"Pale pale, mama."

Selina aliketi sakafuni mwa kizimba na nguo zake za kanisani, akakitazama kile kipande cha risasi mezani, na askari wawili walipokuja kumnyanyua alikuwa bado akikitazama. Mbele yake palikuwa na dawa ya ugonjwa wake, ndogo, ya bei ya kiberiti, nayo ilikuwa imelala katika sanduku ikimngojea aseme. Hakusema. Sisi tulitoka nje mmoja mmoja, na katika gari moshi la kurudi Itigi hakuna aliyethubutu kuitaja methali ile kwa sauti, ingawa kila mtu alikuwa nayo kinywani: mficha maradhi kifo humuumbua.